Ugonjwa wa Jumamosi

Kila alipomfikisha hospitali, mtoto alikuwa ameshapona. Hilo lilimchosha Mama Trei kuliko ugonjwa wenyewe. Kliniki ilifunguliwa Jumatatu, na kila Jumatatu binti yake, Chiriku, aliketi kwenye benchi akining'iniza miguu, akisoma mabango ya ukutani kwa sauti na kumuuliza kila aliyekaa karibu anaumwa nini. Daktari alimtazama mtoto, akamtazama mama, akarudi kwenye faili.

"Huyu ndiye anayewang'ata watu?"

Ndiye. Siku mbili kabla ya hapo, ndiye aliyeamka akilalamika kichwa, akatapika, na kufikia saa sita mchana ulimi wake ukawa mzito kama wa mtu aliyejaza pamba mdomoni. Kisha akaanza kuyumba, akitembea kwa kushika kuta. Kisha ikaja hasira: mtoto wa miaka tisa, mwembamba kama ufito, akirusha kiti, akichana madaftari yake mwenyewe, akimng'ata yeyote aliyemsogelea. Alisema siafu wanatoka ukutani. Alimwita baba yake "yule mtu" na kutaka atolewe nje. Jumapili alilala usingizi wa pono kutwa nzima, na Jumatatu asubuhi akaamka anauliza nani amemchania madaftari.

Ulikuwa mwaka wa tatu sasa. Mama Trei alikuwa amewaeleza madaktari wanne, kwa mpangilio uleule, mpaka maneno yakamwishia ladha mdomoni. Mmoja alisema ni minyoo. Mmoja alisema ni deko la mtoto wa pekee. Wa tatu alitaka aletwe akiwa mgonjwa, na alipoambiwa kwamba ugonjwa huja Jumamosi, akacheka kidogo na kusema hata yeye Jumamosi huwa hana hamu ya kazi. Shuleni mwalimu wa darasa aliandika kwamba mtoto hana tatizo, ila anaongea mno, jambo ambalo kila mtu alilijua. Ndiyo maana aliitwa Chiriku.

Jina la Mama Trei nalo lilitokana na mayai. Alifuga kuku wa mayai mia tatu katika mabanda mawili nyuma ya nyumba, kazi aliyoianza na vifaranga ishirini mwaka alioolewa. Gari la mnunuzi lilikuja Ijumaa saa nne, na kabla ya hapo alipitisha kila yai mkononi. Alishika mayai matatu matatu, akayazungusha yagusane taratibu huku ameinamisha kichwa. Yai zima hulia kama kijiko kikigusa kikombe. Lenye ufa, hata ufa usioonekana kwa jicho, hutoa sauti butu. Wanawake wa mtaa walikuja kumwangalia akifanya hivyo kama watu wanaomwangalia mpiga ngoma, naye hakukosea. Yai la ufa halikuingia kwenye trei. Lilibaki nyumbani, likaliwa Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi, kabla halijaharibika.

Yeye mwenyewe hakuyala. Tangu utotoni harufu ya yai ilimchafua roho, na ya nyama vilevile. Majirani walimtania kwamba anajua anachowalisha kuku wake, ndiyo maana hagusi. Mume wake alikuwa na utani wake: alisema alikwenda kuposa mke akapewa mbuzi, maana huyu ni majani asubuhi, majani jioni.

Chiriku alimfuata mama yake. Tangu aachishwe ziwa, yai lilikuwa vita. Alilihifadhi shavuni nusu saa, kisha akalitema chini ya meza. Nyama hivyohivyo, maharage hivyohivyo. Mama Trei alimwacha ale viazi na ndizi zake, mpaka siku moja, mtoto akiwa na miaka sita, walipokwenda kupima uzito. Muuguzi aliangalia mshale wa mizani, akamwangalia yeye, na akauliza mbele ya foleni nzima: "Mama, si wewe ndiye wa mayai? Mbona mtoto wako yuko hivi?" Foleni ikacheka. Haikuwa kejeli kubwa, lakini Mama Trei alirudi nayo nyumbani kama mwiba uliovunjikia ndani ya nyama. Kuanzia wiki ile, kila Ijumaa na kila Jumamosi, aliketi mbele ya mtoto na sahani ya mayai ya ufa, mawili, matatu, wiki nyingine manne, na hakuinuka mpaka sahani iwe nyeupe. Mtoto alilia. Mama alisema, meza. Aliamini kwamba hiyo ndiyo kazi ya mama, na hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Daktari wa magonjwa ya akili, ambaye ndiye wa nne, hakuwa mtu mbaya. Hilo nalo lilimkera baadaye, kwamba hakupata hata mtu mbaya wa kumlaumu. Aliuliza kwa upole na aliandika kila kitu. Alichora jedwali la miezi mitatu, akaweka alama kila siku ambayo mtoto aliugua, kisha akaomba aambiwe baba huwa nyumbani siku zipi.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea. Kazi yake ya mageti ilikuwa mji mwingine, akilala hukohuko karakana, akirudi Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili alasiri. Daktari aliweka alama hizo kwa kalamu nyekundu. Nyekundu zikakaa juu ya nyeusi, wiki baada ya wiki, bila kukosea hata moja.

Kisha akampa Chiriku karatasi achore familia yake. Chiriku akachora kuku wengi sana, akamchora mama yake kando yao, na kando ya mama akachora mtu mkubwa mwenye uso mweusi mtupu, bila macho wala mdomo.

"Ni kinyago chake cha kazi," Mama Trei alisema haraka. "Anachomelea, daktari. Wanavaa ili cheche zisiwaumize macho."

"Lakini kazini kwake mtoto hajafika."

"Amekuja nacho nyumbani mara nyingi. Anapenda kukivaa wacheze."

Daktari alitikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomtisha. Baada ya siku chache afisa ustawi alifika nyumbani, mwanamke mwenye mkoba wa ngozi na viatu vya kelele, akazunguka vyumba, akaangalia mtoto analala wapi na baba analala wapi. Aliandika kwamba kwa wiki sita baba asikae nyumba moja na mtoto, wakati hali inaangaliwa. Baada ya hapo daktari angetoa ripoti, na ripoti ndiyo ingeamua kama mtu huyu atarudi kwake au la.

Fundi hakubishana. Alifunga nguo zake kwenye mfuko mmoja, akasema: "Kama ni mimi, bora nisiwepo. Kama si mimi, wataona." Mama Trei alitamani apige ukuta, avunje hata kikombe. Alimsindikiza hadi barabarani akiwa na hasira juu ya utulivu wake, na alimwona anavyotembea upande wa ukuta, kama mtu ambaye tayari anaogopa kuangaliwa.

Katika wiki ya kwanza ya kutokuwepo kwake, kuku wa banda la pili walianza kudonoana. Walinyofoana manyoya ya mgongoni, wakamfuata mmoja aliyetoka damu mpaka wakamuua. Mama Trei alimwita bwana mifugo, mzee mcheshi aliyevaa magamboti hata kiangazi. Bwana mifugo alichungulia banda, hakuingia hata ndani.

"Wamekula nini tangu wiki iliyopita?"

Akamjibu siku kwa siku: gunia jipya lilifunguliwa Jumanne, pumba ni zilezile, dagaa wa gunia hili wana harufu hafifu, chumvi hajui kama waliweka.

"Basi ndilo hilo. Kuku hana wazimu, dada. Ukiona kuku ana wazimu, kaangalie chombo chake cha chakula."

Alikuwa ameshaondoka na pikipiki yake wakati Mama Trei bado amesimama mlangoni mwa banda. Aliweza kusema kuku mia tatu wamekula nini siku nane zilizopita. Mtoto wake mmoja hakuwahi kumwangalia hivyo. Madaktari wanne walikuwa wameuliza kuhusu baba, kuhusu viboko, kuhusu ndoto mbaya, kuhusu ukoo. Wa kumuuliza mtoto amekula nini hakutokea. Mwenyewe akajiuliza, na jibu lilikuwa jepesi kiasi cha kumtia kizunguzungu: mayai ya ufa, kila Ijumaa na kila Jumamosi.

Aliacha siku hiyohiyo. Jumamosi ile Chiriku alikula ndizi, akashinda anaruka kamba. Jumamosi ya pili akasimulia hadithi isiyo na mwisho kuhusu paka wa jirani. Zikapita Jumamosi nne nyeupe, na Jumatatu Mama Trei alikwenda kliniki akiwa amevaa vizuri, kama mtu anayepeleka habari ya ndoa.

Daktari wa akili alifurahi pia. Alifunua jedwali lake, akaonyesha wiki nne zisizo na alama nyeusi wala nyekundu.

"Unaona, mama," alisema. "Baba ametoka, mtoto amepona."

Ilimchukua muda kuelewa alichokuwa amekifanya. Alikuwa ameondoa mayai wiki ileile walipomwondoa mume. Alieleza, kwanza polepole, kisha kwa sauti iliyomfanya muuguzi achungulie: mayai ya ufa, Ijumaa, Jumamosi, kuku wa banda la pili, bwana mifugo. Alijisikia anavyosikika. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba wake wengi hutafuta sababu nyingine yoyote, na kwamba hilo linaeleweka. Akaandika mstari mmoja kwenye faili. Mama Trei alijua kusoma maandishi yaliyogeuzwa juu chini, maana ndivyo alivyozoea kusoma hati za mnunuzi. Mstari ulisema kwamba mama anamkinga mume. Ripoti, akaambiwa, itakuwa tayari baada ya wiki mbili.

Aliketi kwenye benchi la ukumbini, hana nguvu ya kwenda nyumbani. Daktari wa zamu wa wodi ya watoto, mwanamke kijana mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, alipita, akarudi, akamuuliza kama anaumwa. Mama Trei alimwambia yote bila matumaini, kama mtu anayemwaga maji machafu. Lakini huyu alikaa. Alianza kuuliza maswali mengine kabisa. Mtoto alikataa nyama tangu lini? Na wewe mama? Uliwahi kupoteza mtoto?

Alisema ndiyo, wa kiume, kabla ya huyu. Alizaliwa mzima. Siku ya tatu aliacha kunyonya, akalala tu, na siku ya nne hakuamka.

Daktari wa zamu alieleza kwamba kuna watu ambao ini lao, tangu kuzaliwa, limepungukiwa na kitu kinachosafisha sumu inayotokana na mayai, nyama na maharage. Kwa wengine sumu hiyo hutoka kwenye mkojo. Kwa hawa hupanda kwenye ubongo, na mtu akawa kama mlevi, akawa kama mwendawazimu, kisha ikashuka akawa mzima. Ugonjwa huo huweza kurithiwa kutoka kwa mama. Huwaua mapema watoto wa kiume. Alisema hana uhakika. Sumu hiyo hupimwa kwenye damu, lakini ni lazima damu itolewe mtoto akiwa anaumwa, iwekwe kwenye barafu papo hapo, na ifike kwenye mashine ndani ya robo saa. Mashine ina mtu Jumatatu hadi Ijumaa, mwisho saa tisa alasiri.

"Na mtoto wangu huumwa Jumamosi," Mama Trei alisema.

"Usimpe tena mayai. Siku akianza kuumwa, mlete."

"Nisipompa, hataumwa."

Daktari wa zamu akaahidi kumsemesha mwenzake wa akili. Wiki iliyofuata alisema amemsemesha, na mwenzake ameomba kipimo. Bila kipimo hawezi kubadili anachokiona. Damu aliyotolewa mtoto siku hiyo, akiwa anaimba, ilitoka safi.

Hivyo ndivyo alivyobanwa. Mtoto akiwa mzima, mume ni mkosaji. Zilikuwa zimebaki siku sita. Mama Trei alizianza akifanya kazi zake zote kwa ukamilifu, akisafisha mabanda, akibadilisha maji, na kila alipogusisha mayai mkononi alisikia jambo ambalo hakutaka kulifikiria. Hakumwambia mtu. Fundi alipompigia simu kuuliza hali, alimwambia ni nzuri.

Jumanne jioni alichemsha mayai manne mazima. Aliketi mbele ya Chiriku.

"Si ulisema basi?" mtoto aliuliza.

"Leo tu."

"Mpaka nishibe?"

"Mpaka yaishe."

Jumatano asubuhi akampa matatu mengine, kisha akamwandikia mwalimu kwamba mtoto ana homa. Alichukua chupa ya baridi anayobebea chanjo za kuku, akaijaza barafu mpaka shingoni. Saa tano Chiriku alishika kichwa. Saa sita alitapika. Saa saba kasoro, kwenye teksi, alianza kumwita mama yake kwa jina ambalo halikuwa la mtu yeyote wanayemjua.

Mapokezi walitaka kadi. Kadi ilikuwepo. Walitaka barua ya rufaa, wakamwelekeza dirisha la tatu, na dirisha la tatu mhudumu alikuwa amekwenda kula. Mama Trei alimbeba mtoto mgongoni, miguu ikiburutika, akapita milango miwili iliyoandikwa usiingie, mpaka akamkuta daktari wa zamu. Hakukuwa na maelezo. Sindano, damu, kichupa. Mtu wa maabara alipoona chupa yenye picha ya jogoo, aliuliza kama wanapima mtoto au kuku. Daktari wa zamu hakumjibu. Alikuwa amekuja nayo mwenyewe mbio, na saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu.

Majibu yalitoka kabla ya saa kumi. Sumu ilikuwa karibu mara tano ya kiwango cha kawaida. Chiriku wakati huo hakuwa akirusha kitu tena. Alikuwa amelala macho nusu wazi, na alipofinywa kidole hakuuvuta mkono. Waliweka dripu mbili. Daktari wa akili alishuka, akasoma karatasi mara mbili akiwa amesimama.

Jioni daktari wa zamu alimtoa Mama Trei nje ya wodi.

"Alikula nini?"

"Mayai saba."

"Nani alimpa?"

"Mimi."

"Ungeweza kumuua," alisema daktari wa zamu. "Nataka ujue hilo. Sikukutuma."

"Nimekuja hapa miaka mitatu naye akiwa mzima, daktari. Hakuna aliyeangalia."

Usiku ule na kutwa ya kesho yake Mama Trei alikaa kando ya kitanda. Alfajiri ya Ijumaa Chiriku aliuliza kwa nini kitanda kina magurudumu, na kama kinaweza kwenda. Walimpa unga wa dawa, orodha ya vyakula, na tahadhari ndefu kuhusu homa yoyote itakayokuja.

Kabla ya kuondoka Mama Trei aliomba mstari ule wa faili ufutwe. Karani alimweleza kwamba kilichoandikwa kwenye faili hakifutwi, huongezwa tu. Basi wakaongeza. Chini ya "mama anamkinga mume" daktari wa akili akaandika ugonjwa wa ini wa kurithi, na kwamba baba hahusiki, akatia sahihi, akamwomba radhi kwa sauti ya chini. Afisa ustawi alituma ujumbe wa simu, wa maneno tisa, kwamba baba anaweza kurudi nyumbani. Mama Trei aliutazama mara kadhaa kuona kama una sehemu nyingine.

Fundi alirudi Jumamosi mchana na mfuko wake uleule. Alimsikiliza mkewe akiwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, viatu bado mguuni. Mama Trei alimweleza yote, hata ya Jumanne, kwa sababu angeyasikia kwa mtoto.

"Ungeniacha nikae hukohuko," fundi alisema mwishowe.

"Yeye akue akiambiwa ni wewe?"

"Angekua."

Aliingia ndani. Mama Trei alibaki akiangalia kuku. Alitaka mtu amkaripie mpaka aishiwe, au amwambie alifanya vyema. Alikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo, na hakuna aliyempa hata moja. Hata ugonjwa, sasa ulipopata jina, ulikuwa umetoka mwilini mwake mwenyewe.

Saa kumi ilikuwa saa ya dawa. Alipima unga kwa kijiko kidogo, akakoroga, akaenda kukaa mbele ya mtoto kama alivyozoea. Chiriku alinusa kikombe, akageuza uso.

"Kinywe," mama alisema.

"Baba ndiye anipe."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Mama Trei aliinuka, akampa kikombe, akampisha kiti. Mtoto alikunywa kwa mafunda madogo, akikunja uso, akimsimulia baba yake kitanda chenye magurudumu, na mama alisimama kando akisubiri kikombe kiishe ili akaoshe.